Mpelelezi Sugu wa Kike katika Marekani ya Miaka ya 1930 na Funzo Lake kwa Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapoulizwa kuhusu riwaya ya upelelezi, majina wanayoyataja huwa yale yale: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wachache huongeza Sherlock Holmes, ambaye kwa hakika ndiye babu wa Bwana Msa kifasihi. Wote hao ni wanaume. Katika makala haya tunanuia kumtambulisha mhusika ambaye hatajwi sana katika mihadhara yetu, yaani mpelelezi binafsi wa kike, mwenye roho ngumu na ulimi mkali, aliyezaliwa katika majarida ya bei nafuu ya Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Tutaeleza mazingira yaliyomzaa, kazi zilizomchora na sababu za kusahauliwa kwake. Mwisho tutaonyesha namna anavyoweza kutusaidia kufundisha mambo mawili ya sarufi ambayo wengi wetu huyapita haraka.

Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakauliza fasihi pendwa ya Marekani inatuhusu nini sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda. Tunawaomba wavute subira. Mhusika huyu anatulazimisha kujiuliza swali moja: tunaposoma neno "mpelelezi", ni nani anayetujia akilini, na ni nani aliyetuambia kwamba ni yeye?

Maana ya istilahi

Kabla ya kuendelea ni vyema tutofautishe maneno manne ambayo wanafunzi huyachanganya. Mpelelezi ni neno pana linalotokana na kitenzi peleleza. Humhusu yeyote anayechunguza jambo lililofichika, awe wa serikali au asiwe. Kachero hutumiwa zaidi kwa mpelelezi wa polisi, na askari kanzu ni jina la zamani kidogo la polisi asiyevaa sare. Jasusi ni mtu anayepeleleza siri za nchi nyingine au kuilinda nchi yake dhidi ya wapelelezi wa nje. Kwa kipimo hiki Willy Gamba, anayetumwa na serikali, yuko karibu zaidi na jasusi.

Mpelelezi binafsi ni tofauti na wote hao. Hukodiwa na mteja, hulipwa kwa siku, na hana mamlaka ya kumtia mtu pingu. Akikosa mteja, hana mshahara. Jambo hili la kipato ni muhimu sana katika maelezo yanayofuata.

Aina ya mpelelezi tunayoijadili hapa, Wamarekani waliipa jina linalotokana na yai lililochemshwa mpaka kiini kikakauka. Sisi tumechagua kumwita mpelelezi sugu. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa sana, na ndivyo alivyo mhusika huyu: dunia imemsugua mpaka hashtuki tena.

Mazingira ya kihistoria

Mwezi Oktoba mwaka 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Kati ya mwaka 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifungwa nchini Marekani, na watu wengi wakapoteza akiba zao. Kufikia mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 1920, sheria ilikuwa imepiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1933. Katika miaka hiyo kumi na mitatu magenge ya walanguzi wa pombe yalitajirika, nayo mlungula ukapenya katika vituo vya polisi, mahakama na ofisi za mameya. Mwaka 1931 tume iliyoundwa na Rais Herbert Hoover ilitoa ripoti iliyoeleza waziwazi kwamba polisi katika miji mingi walikuwa wakiwatesa washukiwa ili wakiri makosa.

Msomaji wa wakati huo alikuwa na sababu nzuri ya kutowaamini wakubwa. Katika hadithi za Sherlock Holmes uhalifu ni kama doa kwenye kitambaa safi. Mpelelezi huliondoa doa, na kitambaa kikabaki kizuri kama kilivyokuwa. Katika hadithi za mpelelezi sugu, kitambaa chenyewe ni kichafu. Muuaji akipatikana, meya bado ni mla rushwa, na kodi ya nyumba ya mpelelezi bado haijalipwa.

Hadithi hizo zilichapishwa katika majarida ya karatasi duni iliyotengenezwa kwa rojo ya mbao. Mengi yaliuzwa kwa senti 10 au zaidi kidogo, na waandishi wengi walilipwa senti moja hivi kwa kila neno. Jarida lililovuma zaidi ni Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920. Humo ndimo alimoandika Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na ambaye riwaya yake The Maltese Falcon ilitoka kama kitabu mwaka 1930. Humo pia, mwaka 1933, ilitoka hadithi ya kwanza ya upelelezi ya Raymond Chandler, aliyegeukia uandishi baada ya kupoteza kazi yake katika kampuni ya mafuta.

Sifa za mtindo wa mpelelezi sugu

Kwa manufaa ya wanafunzi tunaweza kuzitaja sifa kuu nne.

(a) Sentensi fupi na lugha ya mtaani. Wahusika huzungumza kama watu wa baa, gereji na bandari, si kama watu wa kitabuni.

(b) Usimulizi wa nje. Katika The Maltese Falcon msimulizi hatuambii hata mara moja Sam Spade anawaza nini. Tunaona anavyosokota sigara na kusikia anachosema. Yaliyobaki ni kazi yetu kuyakisia.

(c) Usimulizi wa nafsi ya kwanza. Waandishi wengine, Chandler akiwa mmoja wao, walimwacha mpelelezi asimulie mwenyewe. Basi yule anayesema "mimi" ndiye mwenye hadithi, na msomaji huona kwa macho yake.

(d) Fedha. Mpelelezi hutaja malipo yake kwa siku, hudai gharama za safari, na huhesabu sarafu zilizobaki mfukoni.

Nafasi ya mwanamke

Katika hadithi nyingi za aina hii mwanamke alipewa viti viwili tu ofisini. Cha kwanza ni cha katibu muhtasi, mwaminifu na mvumilivu, kama Effie Perine katika ofisi ya Sam Spade. Cha pili ni cha mteja, mrembo, mwongo na wa hatari, kama Brigid O'Shaughnessy katika riwaya hiyo hiyo. Kiti cha tatu, kile kilicho nyuma ya meza, kilikuwa cha mwanamume.

Hali halisi ya maisha haikuwa hivyo. Mwaka 1856 Kate Warne aliajiriwa na Allan Pinkerton mjini Chicago kuwa mpelelezi, na mwaka 1861 alishiriki katika kumlinda Abraham Lincoln alipokuwa akipitishwa kwa siri Baltimore kuelekea Washington. Wanawake waliajiriwa pia katika maduka makubwa ili kuwakamata wezi wa bidhaa, kwa kuwa mwanamke anayepitapita kati ya nguo na vipodozi hashukiwi na mtu.

Lakini mdororo ulipozidi, mwanamke mwenye kazi alianza kutazamwa kama mtu aliyekalia riziki ya mwanamume. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1932 iliagiza kwamba panapotakiwa kupunguzwa wafanyakazi wa serikali, waanze kuondolewa wale ambao waume au wake zao nao waliajiriwa na serikali. Sheria haikutaja jinsia, lakini wengi wa walioondoka walikuwa wanawake. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1937. Katika miaka hiyo hiyo, ndani ya majarida ya senti 10, walijitokeza wanawake waliofungua ofisi zao wenyewe za upelelezi. Tutawatazama watatu.

Wa kwanza ni Violet McDade, aliyebuniwa na Cleve F. Adams na kuanza kuonekana katika jarida la Clues mwaka 1935. Violet ni mwanamke mnene kupita kiasi ambaye zamani alikuwa kivutio katika sarakasi, na sasa ana ofisi ya upelelezi Los Angeles. Hubeba bastola mikononi mwa nguo yake, na polisi humwogopa kuliko anavyowaogopa wao. Anayesimulia visa vyake ni mshirika wake, Nevada Alvarado, mwanamke mwenye asili ya Meksiko. Hapa pana jambo la kuzingatia: sauti ya "mimi" katika hadithi hizi ni sauti ya mwanamke anayefanya kazi pamoja na mwanamke mwenzake, akigombana naye na kumtetea.

Wa pili ni Carrie Cashin wa Theodore Tinsley, aliyeanza kutokea katika jarida la Crime Busters mwaka 1937. Carrie aliwahi kuwa mpelelezi wa duka kubwa, kisha akaanzisha kampuni yake New York. Kwa kuwa wateja hawakumwamini mpelelezi wa kike, msaidizi wake, Aleck Burton, ndiye anayejifanya mkuu wa kampuni. Mteja huingia akadhani anazungumza na bosi, kumbe bosi ni yule "msaidizi" wa kike aliye chumbani humo akisikiliza kila neno.

Wa tatu ni Bertha Cool, aliyeanza katika riwaya The Bigger They Come ya mwaka 1939. Mwandishi wake ni Erle Stanley Gardner, aliyetumia jina la A. A. Fair. Bertha ni mjane mwenye mwili mkubwa na mkono wa birika. Kila senti inayotoka kwake huiaga kwa uchungu. Anamwajiri Donald Lam, kijana mwembamba aliyezuiwa kufanya kazi ya uwakili na asiye na pesa hata ya chakula. Hali ya mdororo imegeuza mambo: mwanamke ndiye mwenye ofisi, mwanamume ndiye mwenye njaa. Hata hivyo katika riwaya hiyo msimulizi ni Donald. Bertha ana meza, ana fedha, ana amri, lakini hana "mimi".

Ukiwaweka watatu hawa pamoja utaona kwamba kila mmoja alihitaji aina fulani ya kibali ili akubalike. Violet na Bertha walipewa miili mikubwa na tabia za kiume ili msomaji asiwatazame kama warembo. Carrie aliachiwa urembo wake, lakini akalazimika kujificha nyuma ya mwanamume. Waandishi wote watatu walikuwa wanaume. Walithubutu kumpa mwanamke bastola. Kumpa mamlaka bila kuomba radhi, hilo halikuwa rahisi kwao. Pamoja na hayo, hatupaswi kuwadharau. Walijua kwamba msomaji wao, pengine mwanamke aliyepoteza kazi ya karani, angefurahi kumwona mtu kama yeye akidai malipo yake na kuyapata.

Sababu za kusahauliwa

Hammett na Chandler walichapishwa katika vitabu vyenye jalada gumu, vikaingia maktaba, kisha vikaingia vyuo vikuu. Violet na Carrie walibaki katika majarida ambayo karatasi yake ilikuwa ikigeuka manjano na kukatika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi ikawa adimu, na baada ya vita vitabu vya jalada jepesi pamoja na televisheni vikawachukua wasomaji. Black Mask lenyewe lilifungwa mwaka 1951. Na Chandler alipoandika mwaka 1944 insha yake mashuhuri kuhusu sanaa hii, shujaa aliyemweleza alikuwa mwanamume tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanamke alirejea baadaye, safari hii kwa kalamu za wanawake. Marcia Muller alimleta Sharon McCone mwaka 1977. Mwaka 1982 Sue Grafton alimleta Kinsey Millhone, na Sara Paretsky akamleta V. I. Warshawski wa Chicago. Wote watatu wanasema "mimi". Warshawski hutumia herufi za mwanzo tu za majina yake, ambayo ni Victoria Iphigenia, na anayesoma herufi hizo mlangoni hawezi kujua kama atapokewa na mwanamume au mwanamke. Carrie Cashin alihitaji mtu mzima wa kumficha. Warshawski alihitaji nukta mbili.

Funzo la sarufi

Hapa ndipo tunaporudi darasani. Kiingereza hakimruhusu mwandishi kuificha jinsia kwa muda mrefu, kwani kiwakilishi cha kwanza cha nafsi ya tatu huitoboa siri. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kiambishi a- na kiwakilishi yeye havibagui mwanamume na mwanamke, kama ilivyo katika Luganda na lugha nyingine nyingi za Kibantu za wanafunzi wetu. Tutazame kifungu kifupi tulichokitunga kwa ajili ya zoezi hili:

"Kodi ya ofisi ilikuwa imechelewa wiki tatu, na mwenye nyumba alikuwa ameacha kunisalimu. Mteja aliingia bila kubisha hodi. Akavua kofia, akatazama kiti, akatazama tena mlango.
– Namtafuta mpelelezi.
– Umempata.
– Nilidhani...
– Wote hudhani. Dola ishirini kwa siku, na gharama ni juu yako. Kaa."

Je, mpelelezi huyu ni mwanamume au mwanamke? Na mteja je? Sarufi haijasema. Neno "nilidhani" linadokeza kitu, lakini ni msomaji anayeamua kitu hicho ni kipi. Mwambie mwanafunzi akitafsiri kifungu hiki kwa Kiingereza huku akiendeleza usimulizi kwa nafsi ya tatu, naye atalazimika kuchagua papo hapo. Akimfanya mpelelezi kuwa mwanamume, muulize amelipata wapi jambo hilo. Hakulipata katika matini; limetoka katika mazoea yake ya kusoma.

Upande wa pili ni kutafsiri kutoka Kiingereza. Wanafunzi wachanga, wakihofia kuipoteza jinsia, huandika "mwanamke huyo" katika kila sentensi mpaka msomaji akachoka. Kiswahili kina njia zake za kuionyesha, na ni vizuri wazijue:

(a) Vitenzi oa na olewa. Mpelelezi akisema "Niliolewa mara moja, inatosha", mambo yamekwisha. Wanafunzi wetu wa Luganda wana tofauti kama hiyo katika kuwasa na kufumbirwa.

(b) Maneno ya kuitana: mama, dada, bibi, binti kwa upande mmoja, baba, kaka, babu kwa upande wa pili. Zingatia kwamba "bwana" katika msemo kama "acha bwana" haitambulishi jinsia, kwani hata wanawake huambiana hivyo.

(c) Majina ya watu, mavazi na vitu vya mkononi, ambavyo vikitajwa mara moja mwanzoni huwa vinatosha.

Jambo la pili la sarufi ni kiambishi -ka-. Wengi wetu hukifundisha kama alama ya mfululizo wa matendo, tukatoa mfano wa mtoto aliyeamka, akanawa, akanywa chai, tukaishia hapo. Lakini -ka- ni chombo kizuri sana cha usimulizi wa nje tulioutaja hapo juu. "Akavua kofia, akatazama kiti, akatazama tena mlango": tumeona matendo matatu, hatujaambiwa wazo hata moja, ila tumefahamu kwamba mteja ana hofu. Mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne anaweza kuandika hivi bila kuhitaji msamiati mgumu. Mtindo huu unamfaa, na unamfunza kuliamini tendo kuliko kivumishi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mpelelezi sugu wa kike alizaliwa katika njaa, akapewa nafasi kwa masharti, akapotea pamoja na karatasi alizochapishwa, na akarudi miongo minne baadaye akijisimulia mwenyewe. Katika riwaya za Kiswahili zinazofundishwa zaidi tunaye Nuru, mwenzake Joram Kiango, mwanamke jasiri na mwerevu. Lakini mfululizo unajulikana kwa jina la Joram. Waandishi wa Kiingereza walilazimika kupambana na lugha yao tangu neno la kwanza. Sisi lugha yetu haijatuwekea kizuizi hicho. "Mpelelezi aliingia" ni sentensi iliyo wazi kwa wote, na kama anayeingia huwa mwanamume kila mara, sababu itafutwe kwetu sisi waandishi, walimu na wasomaji.

Tunawahimiza walimu wenzetu wasiione fasihi pendwa kama mapumziko kati ya tamthilia na ushairi. Mwanafunzi anayesoma riwaya ya upelelezi kwa hiari usiku kucha amesoma kurasa nyingi za Kiswahili kuliko tulizomwagiza.

Maswali ya mjadala

1. Endeleza kifungu cha mpelelezi na mteja kwa aya mbili bila kuonyesha jinsia ya yeyote kati yao. Kisha mpe mwenzako asome, na umuulize amewaona wahusika gani.

2. Chagua ukurasa mmoja wa riwaya yoyote ya Ben Mtobwa. Orodhesha maneno yote yanayoonyesha jinsia ya wahusika, na uyaweke katika makundi matatu tuliyoyataja.

3. "Asemaye mimi ndiye mwenye hadithi." Jadili kauli hii ukilinganisha nafasi ya Nevada Alvarado na ile ya Bertha Cool.

4. Tunga ukurasa mmoja wa hadithi ya mpelelezi binafsi wa kike katika mji unaoufahamu. Taja malipo yake kwa siku, na utumie -ka- pasipo kueleza mawazo ya mhusika yeyote.